Mwigizaji Kama Mwandishi: Amandina Lihamba katika Historia ya Tamthilia ya Kiswahili

1. Utangulizi

Historia ya tamthilia ya Kiswahili, kama tunavyoifundisha katika idara zetu, ni historia ya vitabu. Aghalabu huanzia kwa Henry Kuria na Graham Hyslop, ambao michezo yao ilichapishwa nchini Kenya katika miaka ya 1950. Hufika kwa Ebrahim Hussein na Kinjeketile yake ya 1969. Hupitia kwa Penina Muhando, aliyeandika Hatia (1972) na Tambueni Haki Zetu (1973). Kisha hushuka hadi tamthilia zinazotahiniwa katika shule za upili. Mpangilio huo una manufaa yake, kwani kitabu hukaa rafuni, huweza kunukuliwa, na mwanafunzi huweza kukirudia. Lakini una kasoro moja kubwa. Mtu ambaye mchango wake umo katika sauti, katika mwili, katika kuwaelekeza waigizaji na katika kutunga pamoja na wenziwe, hupunguzwa kila historia hiyo inapoandikwa upya, mpaka akabaki jina tu katika orodha.

Amandina Lihamba wa Tanzania ni mfano ulio wazi wa jambo hili. Yeye ni mwigizaji wa jukwaani na wa filamu, mwandishi, mwelekezi na aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tamthilia zake zinazotajwa sana ni tatu: Hawala ya Fedha (1980), Harakati za Ukombozi (1982) na Mkutano wa Pili wa Ndege (1992). Ya kwanza imetokana na hadithi ya mwandishi mwingine. Ya pili aliiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Kwa hiyo mhakiki anayehesabu vitabu atasema kwamba huyu ni mwandishi wa tamthilia moja na sehemu za tamthilia mbili. Makala haya yanadai kwamba hesabu hiyo ina makosa, na kwamba kosa lenyewe halimo katika kujumlisha bali katika kile kinachohesabiwa.

Tutafuata kazi ya Lihamba kutoka jukwaa la chuo hadi kijijini, kutoka kijijini hadi kwenye filamu, na kutoka kwenye filamu hadi madarasa ya wasichana. Tutajaribu kuonyesha kwamba katika safari hiyo yote swali lake ni moja: nani ana haki ya kusema, na nani amenyamazishwa? Mwishoni tutauliza swali hilo litupeleke wapi sisi tunaofundisha fasihi ya Kiswahili nchini Kenya.

2. Jukwaa la Baada ya Azimio

Lihamba alizaliwa mwaka 1944 katika Wilaya ya Morogoro. Ni mtu wa kizazi kilichosomeshwa chini ya ukoloni na kuingia utu uzima pamoja na Uhuru. Jukwaa lililoachwa na mkoloni, Dar es Salaam kama Nairobi, lilikuwa la namna mbili: michezo ya Kiingereza katika vilabu vya Wazungu, na michezo ya shuleni iliyotumika kufundishia matamshi ya Kiingereza na adabu. Ngoma, masimulizi, majigambo na vichekesho vya wananchi havikuhesabiwa kuwa sanaa ya maonyesho hata kidogo.

Mwaka 1967 mambo mawili yalibadili hali hiyo nchini Tanzania. La kwanza ni Azimio la Arusha, lililowataka wasanii waeleze siasa ya Ujamaa na Kujitegemea kwa wananchi. La pili ni kupandishwa kwa Kiswahili kuwa lugha ya shughuli za serikali. Ngonjera za Mathias Mnyampala zikaenea mashuleni na mikutanoni. Masomo ya sanaa za maonyesho yalikuwa yameanza katika chuo kikuu, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwigizaji hakuwa tena mtu wa kuburudisha tu baada ya kazi. Kazi yake ilitambuliwa kuwa sehemu ya ujenzi wa taifa.

Lakini hapana budi kukumbuka kwamba anayepewa jukwaa na dola hupewa pia maneno ya kusema. Nyingi kati ya ngonjera za wakati ule zilisifu sera tu wala hazikuihoji. Lihamba alilichunguza suala hili kitaalamu katika tasnifu yake ya udaktari, aliyoitoa katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1985, kuhusu siasa na sanaa za maonyesho nchini Tanzania kati ya 1967 na 1984. Yafaa kuzingatia tarehe hizo. Alipokuwa akiandika tasnifu hiyo, yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa watendaji wa historia aliyoiandika. Ni nadra kwa mwigizaji kuwa pia mwanahistoria wa jukwaa lake, na pengine ndiyo sababu kazi zake za baadaye hazikuridhika na jukwaa lile kama lilivyokuwa.

3. Kutoka Dakar hadi Dar es Salaam

Hawala ya Fedha imetokana na hadithi ya Ousmane Sembène wa Senegali, iliyochapishwa kwa Kifaransa katikati ya miaka ya 1960. Mzee mmoja wa Dakar, Ibrahima Dieng, asiye na kazi, anapokea hawala kutoka kwa mpwa wake aliyeko Paris. Posta wanamtaka kitambulisho. Ili apate kitambulisho anatakiwa cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Kila dirisha linamrudisha kwenye dirisha jingine, na kila hatua ina gharama. Majirani nao wamekwisha sikia habari za fedha, wanakuja kukopa. Hatimaye jamaa mmoja msomi anajitolea kumsaidia, na fedha zinaishia mikononi mwa msomi huyo.

Historia ya hadithi hii ni somo zuri kwa wataalamu wa lugha. Sembène aliiandika kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wa watu anaowaeleza hawakuweza kuisoma. Mwaka 1968 akaifanya filamu, Mandabi, na humo wahusika wakasema Kiwolofu. Miaka kumi na miwili baadaye Lihamba akaichapisha kama tamthilia ya Kiswahili. Hadithi moja basi imepita katika lugha tatu na katika tanzu tatu, na kila ilipohama ilimkaribia zaidi mtu asiyesoma: kutoka kitabuni hadi kwenye filamu, kutoka kwenye filamu hadi jukwaani. Ni dhahiri kwamba kuiita kazi hii "tafsiri" tu, na kuishusha daraja kwa sababu hiyo, ni kutoelewa kilichofanyika. Wakati ule maandishi ya Afrika Magharibi yalitufikia mara nyingi kupitia Kiingereza, kama vitabu vya darasani. Hapa yalitufikia kama mchezo wa kuchezwa mbele ya watu, kwa lugha yao.

Tena kuhama huko kulibadili maana. Katika Dakar ya Sembène, ukuta wa kwanza anaogongana nao mzee ni lugha: ofisi inasema Kifaransa, naye hakisomi. Katika Tanzania ya 1980 karani na mwananchi walisema Kiswahili kimoja. Neno lenyewe hawala, ambalo Waswahili walilipokea kutoka Kiarabu, lilikwisha zoeleka posta na benki. Iweje basi mnyonge ashindwe vilevile? Hadhira iliyoishi chini ya Azimio, na katika uhaba wa bidhaa uliofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, haikuhitaji kuelezwa. Kufanana kwa lugha hakuondoi ukuta kati ya dirisha na foleni. Huondoa kisingizio tu. Hili ni jambo ambalo hadithi ya Kifaransa haikuweza kulisema, na ambalo lilisemeka ilipoingia katika Kiswahili. Kwa maoni yetu hapo ndipo ulipo utunzi wa Lihamba katika kazi hii.

4. Kalamu Tatu, na Kijiji cha Malya

Harakati za Ukombozi ni kazi ya wanawake watatu. Inapitia historia ya mapambano ya Watanzania tangu kupinga ukoloni, lakini haiishii penye bendera. Inaendelea hadi kuwauliza viongozi wa baada ya Uhuru na Azimio walifanya nini na dhamana waliyopewa. Fani yake inachanganya ngoma, nyimbo, masimulizi na mazungumzo. Wahakiki wengi hupata taabu na kitabu cha namna hii. Hawajui wamshike nani kwa mtindo, wala wamsifu nani kwa taswira. Lakini taabu hiyo ni ya mhakiki, si ya kazi. Katika utamaduni wa ngoma na ngano, aliyetunga, anayeongoza na wanaoitikia hawatenganishwi kwa jina moja juu ya jalada. Waandishi watatu walioamua kutumia fani za jadi waliamua pia kutumia namna ya jadi ya kutunga.

Hatua iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi. Kati ya mwaka 1982 na 1983 Lihamba, Penina Mlama (ndiye Penina Muhando) na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi ya sanaa za maonyesho katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakupeleka mchezo uliokwisha andikwa. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza pamoja matatizo yanayowasumbua, likiwamo lile la mimba za wasichana, na kutokana na mazungumzo hayo wanakijiji wenyewe wakatunga maonyesho kwa kutumia ngoma zao. Baada ya onyesho pakawa na mjadala, na katika mjadala huo watu waliulizana hatua za kuchukua.

Mwalimu wa fasihi atauliza: tamthilia ya Malya iko wapi tuisome? Jibu ni kwamba haikutungwa ili isomwe. Hata hivyo ilikuwa na dhamira, ilikuwa na wahusika, ilikuwa na mgogoro, na ilikuwa na hadhira iliyojibu papo hapo. Kitu pekee ilichokosa ni jalada. Wasomaji wetu wa Kenya hawatakosa kukumbuka Kamĩrĩĩthũ, ambako mwaka 1977 wanakijiji wa Limuru, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, walitunga na kucheza mchezo wao kwa Kigikuyu. Mchezo ule ulipigwa marufuku mwezi Novemba, na siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Kamĩrĩĩthũ kumeandikwa sana. Malya kunajulikana kidogo mno katika idara zetu. Sababu moja bila shaka ni kwamba hapakuwa na kizuizi wala kesi. Sababu nyingine, tunavyoona, ni kwamba hakikutoka kitabu cha tamthilia chenye jina la mtunzi mmoja.

5. Mbele ya Kamera

Mwaka 1985, mwaka ule ule wa tasnifu, ilitoka filamu ya Arusi ya Mariamu, iliyoelekezwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, na Lihamba akiwa miongoni mwa waigizaji wake wakuu. Ni filamu fupi ya mwanamke mgonjwa aliye kati ya hospitali na mganga wa jadi, huku akimwogopa mganga huyo. Mwaka uliofuata alishiriki katika Mama Tumaini, iliyoelekezwa na Martin Mhando pamoja na Sigve Endresen wa Norway.

Lakini filamu ambayo haina budi kuzingatiwa katika makala haya ni Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyotoka 2001. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni, na ilipita miaka ishirini na zaidi kabla ya nchi hiyo kupeleka ya pili, Vuta N'Kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Katika Maangamizi daktari Mmarekani mweusi, anayeigizwa na BarbaraO, anafika katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini Tanzania. Huko anamkuta mgonjwa aliyekaa miaka ishirini bila kusema neno. Mgonjwa huyo ni Lihamba.

Majina ya filamu hii yanastahili kutazamwa kwa jicho la kiisimu. Maangamizi ni nomino inayotokana na kuangamiza, na tumeizoea katika habari za vita na gharika. Hapa imepewa mzuka wa kale, aliye mama wa ukoo, anayeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan. Mgonjwa naye anaitwa Samehe. Jina hili si nomino bali ni kitenzi katika hali ya kuamuru au kuomba. Kila anayemwita mwanamke huyu, hata kama hakukusudia, humwamuru au humsihi asamehe, naye haitiki. Hivyo ukimya wake si upungufu wa lugha. Ni jibu. Anaombwa kila siku kitu ambacho hajawa tayari kukitoa.

Tukumbuke pia anayeicheza nafasi hiyo. Ni mwanamke mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, profesa, ambaye kwa miongo kadhaa sauti yake ndiyo ilikuwa chombo chake cha kazi jukwaani na darasani. Katika sehemu kubwa ya uigizaji huu chombo hicho anakiweka chini na kubaki na macho, mabega na mikono. Katika kitabu cha tamthilia mhusika asiyesema hana mistari, na mwanafunzi anayetafuta "sifa za mhusika" katika mistari yake hatapata kitu. Kwenye filamu ndiye kiini cha hadithi. Huu ndio ushahidi wetu wa wazi kabisa kwamba mwigizaji naye hutunga. Maneno aliyaandika mtu mwingine, bali ukimya ule ni utunzi wa Lihamba.

6. Kutoka Ukimya hadi Tuseme

Filamu ya Samehe ilipotoka, Lihamba na Mlama walikuwa wamekwisha anzisha shughuli ambayo jina lake ni kinyume cha ukimya. Mwaka 1996, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulianza mradi wa Tuseme kwa wasichana wa shule za sekondari. Njia yake ni ile ya Malya iliyoingia shuleni. Wasichana wanajadiliana vikwazo vinavyowazuia kusoma, kama vile kusumbuliwa kimapenzi, kazi za nyumbani na woga wa kusema mbele ya walimu na wavulana. Wanachambua chanzo cha kila kikwazo, wanatunga maonyesho, wanayacheza mbele ya wale wale wanaohusika, kisha vikundi vya Tuseme vinaendelea kufuatilia.

Jina hili nalo lina sarufi yake. Tuseme iko katika hali ya dhamira tegemezi, nafsi ya kwanza wingi. Si amri itokayo juu, kwani haikusemwa "semeni". Wala si ungamo la mtu mmoja, kwani haikusemwa "niseme". Ni mwaliko wa mtu aliyemo ndani ya kundi analolialika. Ukililinganisha na Samehe, ambalo ni agizo analopewa mtu mmoja na wengine, unaona tofauti kati ya lugha inayomtaka mnyonge avumilie na lugha inayomtaka azungumze pamoja na wenziwe.

Mradi huu ulivuka mipaka, na njia yake ilipita kwetu. Jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika, FAWE, ambalo makao yake yako Nairobi, liliuchukua na kuueneza katika nchi mbalimbali za bara hili, na Mlama mwenyewe alikuja kuliongoza jukwaa hilo. Neno la Kiswahili, lililotoka katika idara ya sanaa za maonyesho, likaingia katika shule ambazo wanafunzi wake hawasemi Kiswahili. Ni ajabu kwamba sisi tunaohesabu kwa furaha maneno ya Kiswahili yaliyoingia katika lugha nyingine hatujalitia neno hili katika orodha yetu.

Kiungo cha pili na Kenya ni cha maandishi. Mwaka 2007 ulichapishwa New York mkusanyiko mkubwa wa Women Writing Africa kuhusu ukanda wa mashariki, wenye nyimbo, barua, masimulizi na maandishi ya wanawake wa Kenya, Tanzania, Uganda, Malawi na Zambia. Lihamba alikuwa mmoja wa wahariri watano, pamoja na Fulata Moyo, M. M. Mulokozi, Saïda Yahya-Othman na Naomi Shitemi, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Moi. Katika mkusanyiko huo wimbo wa mwanamke asiyejua kusoma umewekwa bega kwa bega na makala ya msomi. Mtu aliyefuata safari tuliyoieleza hatashangaa. Mhariri huyu ndiye yule yule wa Malya na wa Tuseme.

7. Hitimisho

Tumedai kwamba uigizaji, uandishi, uelekezaji na ualimu wa Lihamba ni kazi moja, na kwamba anayetenga vitabu vitatu na kuyaacha mengine ameacha sehemu kubwa zaidi. Mtu anaweza kutupinga kwa hoja ya haki kabisa: onyesho likiisha limekwisha; mhakiki atahakiki nini? Tunajibu kwamba idara zetu zilikwisha kabiliana na swali hilo. Tulipokubali ngano, mivigha na nyimbo za kazi kuwa fasihi, tulikubali kwamba kazi inaweza kuwa kamili bila kuwa kitabu, na tukajifunza kurekodi, kulinganisha na kueleza mazingira ya utendaji. Ni kinyume cha mantiki kumfanyia heshima hiyo bibi anayesimulia ngano kijijini na kumnyima mwigizaji wa jukwaa la kisasa.

Yako basi mambo matatu yanayoweza kufanyika bila gharama kubwa. Kwanza, tunapofundisha tamthilia, tutaje waliocheza na walioelekeza, si aliyeandika pekee. Pili, wanafunzi wetu wa uzamili wapelekwe kuwahoji watendaji wa miaka ya 1970 na 1980, Tanzania na Kenya, wakusanye picha, ratiba za maonyesho na kumbukumbu. Watendaji wa kizazi kile wamezeeka, na wengine wametangulia mbele ya haki. Wanapoondoka huondoka na maonyesho ambayo hayakuandikwa popote. Tatu, mtihani wa tamthilia usiishie katika maswali ya maudhui na mbinu za lugha, bali umtake mwanafunzi aeleze namna onyesho fulani lingechezwa, na mhusika asiyesema angesimama wapi.

Tusipofanya hivyo tutaendelea kuandika historia ambamo wanawake wa jukwaa la Kiswahili wamo lakini hawasikiki. Lihamba alitumia maisha yake ya kazi kuupinga ukimya wa namna hiyo. Haifai wataalamu wa lugha wawe ndio wanaomrudisha ndani yake.